Mbwa wa Mkono Mmoja

Cleopas Wamalwa alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia duniani, nacho kilikuwa na miguu minne. Wengine hujivunia mashamba, wengine watoto waliosoma. Yeye alijivunia mbwa asiyekula kutoka mkono wa mtu mwingine yeyote. Ukipita langoni kwetu Luzira, kabla hujamaliza salamu alikuwa ameshakueleza kwamba hata umletee Sajini mguu mzima wa mbuzi, ataunusa, atakutazama, kisha atageuka aende zake. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu, na mimi si mtu wa kukosa kanisani.

Mimi ni Nabwire, mpishi wa nyumba hiyo. Naandika habari za Wamalwa kwa sababu wanaomsimulia ama humfanya mjinga ama humfanya shujaa, na mimi niliyekaa naye ua mmoja miaka sita najua hakuwa lolote kati ya hayo mawili. Tena nina langu la kukiri, nalo litakuja mahali pake.

Sote wawili ni Wakenya. Mimi ni Msamia wa Busia, yeye ni Mbukusu wa upande wa Chwele. Hapa Kampala ukimpata Mkenya mwenzako unamwita ndugu, halafu mnaanza kugombana kama ndugu kweli.

Alipoingia mji huu mara ya kwanza alibeba spea za magari kule Kisenyi, kutoka stoo za Wasomali hadi kwenye gereji, mpaka mgongo ukamwambia imetosha. Kisha akapata kazi kwenye kampuni moja ya ulinzi iliyokuwa na mbwa. Vijana wengi waliikimbia kazi hiyo, maana watu wa huku mbwa wanamwogopa kweli, hata akiwa amelala. Wamalwa hakuogopa. Alijifunza kuwaogesha, kuwatembeza, kuwakagua masikio, kuwapikia posho, ule ugali wa huku, na mukene, wale dagaa wa ziwani. Kampuni ilipokufa, mbwa wakauzwa mmoja mmoja. Mzee Oola, mwanajeshi mstaafu aliyejijengea nyumba karibu na ziwa, akamnunua Sajini. Siku mbili mbwa hakugusa chakula. Ikabidi Wamalwa atafutwe huko aliko. Alikuja na mbwa kama kamba inavyokuja na mbuzi.

Jambo hilo Wamalwa hakulisahau. Alikuwa mgeni asiye na vyeti, na kwenye barabara yetu walinzi walibadilishwa kama sabuni ya bafuni. Leo huyu, kesho yule, wala huwahi kujua jina. Yeye alibaki. Alijua anabaki kwa sababu gani, nami nilijua, ila hatukuwahi kulitamka. Mbwa ndiye aliyekuwa barua yake ya kazi.

Kwa haki niseme kwamba kumfundisha mbwa kukataa chakula si uchawi wala si ukatili wa bure. Wezi wa mji huu hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta, wanasubiri mbwa afe, ndipo wanaingia. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walipoteza mbwa wawili siku moja, na kufikia Jumapili hawakuwa na televisheni wala mtungi wa gesi. Kwa hiyo Mzee alipomwambia Wamalwa amkaze Sajini asipokee kitu kwa mgeni, aliagiza jambo la maana. Tatizo ni kwamba ili kumfundisha mbwa kukataa mkono wa mgeni, unahitaji mkono wa mgeni. Na pale nyumbani mkono uliokuwa karibu ulikuwa wangu.

“Mama Whitney, nisaidie kidogo,” akaniambia. Whitney ni binti yangu, yuko shule kwetu Busia.

Akanipa kipande cha nyama choma nimnyoshee Sajini. Nikamnyoshea. Mbwa akakipokea kwa adabu, akatafuna, kisha akapiga ukelele ambao sijausahau. Ndani ya nyama mlikuwa na kamulali, zile pilipili ndogo za huku zinazoweza kumtoa mtu mzima machozi. Mimi sikuwa nimeambiwa. Sajini akajifuta ulimi kwenye nyasi, akainua kichwa, akatazama aliyemtenda hivyo. Alinitazama mimi, si Wamalwa.

Baada ya hapo ikawa mkate. Kisha mfupa, kisha samaki, kisha chapati, yai la kuchemsha, ugali mkavu. Kila chakula ambacho mwizi angeweza kukifikiria, kilipitia mkononi mwangu na pilipili yake. Mara hizo nilikuwa najua, nikakubali kwa sababu ya zile nyumba zilizoibiwa. Lakini mbwa alianza kunizunguka kwa mbali uani, mkia chini. Nimepika tangu nina miaka kumi na miwili. Nimepikia harusi, nimepikia matanga, nimepikia watu wenye kisukari na watu wenye kiburi. Sijawahi kuona kiumbe anatema kilichotoka mkononi mwangu. Nilikasirika, na hasira hiyo niliitunza miaka mitatu, nikiipasha moto kila nilipomwona Wamalwa anapita na bakuli lake akipiga mluzi.

Mwezi wa sita mwaka huu simu za nyumbani zikaanza. Dada yake, Nakhisa, alisema mama yao miguu imevimba na sukari imepanda, na kwamba anamuulizia Cleopas. Wamalwa akatuma dawa kwa basi. Simu ikaja tena, akatuma dawa nyingine. Siku moja asubuhi akasimama kwenye mlango wa jikoni, akavua kofia. Sikuwahi kumwona akinivulia kofia. Akaniomba tuanze pole pole kumzoeza Sajini kula kwangu, labda wiki mbili hivi, ili aende kumwona mama. Akaomba Mzee asijue.

Nilikuwa nakata vitunguu. Nilimwambia hivi, bila kugeuka: “Mbwa wako ulishamwambia mimi ni mwizi. Mwizi halishi mbwa.”

 Kisha akavaa kofia, akarudi langoni. Hakuniomba tena, na mimi, niseme ukweli, siku hiyo nililala vizuri. Ndilo langu la kukiri.

Tarehe tatu mwezi wa saba mama yake akafariki. Hapo hakuna wa kumzuia mtu. Kwa Wabukusu, mzaliwa wa kwanza asipomzika mama yake, afadhali asizaliwe. Wamalwa akamwomba Mzee siku nne, akamlisha Sajini asubuhi ya kuondoka mpaka tumbo likawa ngoma, akanionyesha ndoo ya maji ilipo. Alikuwa amehesabu kichwani mwake kwamba mbwa mzima anaweza kukaa na njaa siku nne. Akaondoka Ijumaa kwa basi la Malaba.

Siku ya tatu akapiga simu. Mdogo wake alikuwa bado yuko njiani kutoka mbali, mazishi yamesogezwa. Na baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa nywele, na mzaliwa wa kwanza haondoki kabla ya wembe. Angerudi siku ya kumi na moja. Akauliza kama Sajini amekula. Nikamwambia amekunywa maji. 

Mzee Oola mwanzoni alifurahi. Alileta maini mwenyewe kwenye sahani, Sajini akayanusa, akageuka, na Mzee akacheka akasema huyo kweli ni askari. Siku ya nne hakucheka. Mbwa alikuwa ameacha kuzunguka ua. Alilala karibu na lango, pua kwenye ule upenyo wa chini, na mbavu zilianza kuonekana. Tulijaribu kumwekea sahani na kujificha. Nilivaa koti la Wamalwa, na kofia yake, nikamwendea na bakuli lake, nikajaribu hata kupiga mluzi. Sajini akasimama kwa shida, mkia ukatikisika, akanusa mkono wa koti kwa muda mrefu, kisha akafika kwenye vidole. Akarudi kulala. Nilijiona mpumbavu kupita kiasi.

Mzee alinikuta bado nimevaa lile koti. Mzee huyu Kiswahili chake ni cha kambini, na anapokasirika hasemi kwa sauti kubwa.

“Nabwire, hii mbwa nakufa,” alisema. “Wamalwa nafundisha yeye kula mkono moja tu. Maana yake yeye naiba mbwa yangu, na mbwa iko kwa nyumba yangu. Kama nakufa, Wamalwa asiingie hapa.”

Waswahili husema adui yako muombee njaa. Mimi nilikuwa nimemuombea Wamalwa miaka mitatu, na sasa njaa imekuja, imekosea mlango, imemshika mbwa. Sikusikia furaha yoyote. Nilichosikia ni mwanamume anavua kofia mlangoni na mimi nakata vitunguu.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, alikuja Darlène. Huyu ni Mkongomani wa Bukavu anayekaa Kisugu, na anatembeza matikiti kwenye beseni, yamekatwa vipande na kufunikwa nailoni. Hupumzikia kwenye ngazi za jikoni kwangu. Tikiti la Darlène halina mbegu, na wateja wa Luzira wanadhani ni ustaarabu. Ukweli ni kwamba anazitoa zote kwa ncha ya kisu kabla hajafika sokoni, anazianika, anazikaanga na kuzisaga atie kwenye mboga, kama walivyokuwa wakifanya kwao kwa mbegu za maboga. Kwake mbegu ni chakula, na chakula hakiuzwi pamoja na maji.

Nilinunua kipande, nikakaa nikala. Sikuwa nampa mtu chochote. Nilikuwa nimechoka, jua linachoma, na maji ya tikiti yananichuruzika hadi kwenye kiwiko na kudondoka kwenye saruji. Darlène akaacha kuongea. Nilipotazama chini, Sajini alikuwa amefika bila kusikika, analamba saruji.

Nikakata kipande kidogo, nikakiweka kwenye kiganja, nikateremsha mkono. Akanusa sana. Akautazama mkono, akanitazama usoni, akautazama mkono tena. Kisha akakichukua.

Ndipo nikaelewa. Wamalwa alikuwa ametia pilipili kwenye kila kitu ambacho mwizi angeleta. Lakini ni mwizi gani anayeruka ukuta na tikiti maji? Hakuna aliyewahi kumwambia Sajini kwamba tunda linauma. Darlène alishika mdomo. “Kwetu imbwa inakulaka mifupa,” alisema. “Yenye kukula pasteki, sijaonaka.” Kisha akanipa kipande kingine bila kuulizwa, kikubwa.

Kwa furaha nikakosea. Nilimpa nyekundu yote, halafu nikamwachia na ganda, kwa sababu kwetu mtu akimaliza tikiti ganda ni la mbuzi, na nilidhani mbwa na mbuzi ni wale wale. Saa nane mchana Sajini akaanza kujikunyata. Akatapika mara mbili, ya pili na kipande cha ganda kizima kama kilivyoingia.  Nilijiambia, Nabwire, Wamalwa alimfundisha mbwa kwamba mkono wako unaua, na sasa umemthibitishia.

Mzee alimwita daktari wa mifugo, binti anayeitwa Akwero ambaye ana kliniki ndogo upande wa Port Bell. Akamkanda mbwa tumbo, akamfungua kinywa, akasema ana bahati kwamba ganda limerudi juu, kwa sababu likishuka hukwama kwenye utumbo na hapo ni kisu. Nilimuuliza kama tikiti lenyewe ni sumu. Akacheka. Alisema ile nyama nyekundu haina shida kwa mbwa, wapo wanaowapa siku za joto kama peremende, na mbwa hulipenda. Ila ganda litolewe lote, hata ule weupe. Mbegu zitolewe, maana nazo zikijaa tumboni hufunga. Vipande viwe vidogo, vichache, la sivyo ataharisha. Na nisije nikasahau kwamba tikiti ni maji na sukari kidogo. Linamburudisha, halimshibishi. Mbwa haishi kwa tikiti, alisema, ila siku mbili hizi litamtia maji mwilini, na nilitumie kumwonyesha kwamba mkono wangu hauna ubaya.

Aliponiambia hivyo nilitamani kumweleza habari za pilipili. Niliona haya.

Siku ya sita nilianza kazi. Nilikata tikiti vipande vya ukubwa wa kete, nikaketi kwenye ngazi. Kipande kimoja. Nasubiri. Kingine. Kati ya cha tatu na cha nne nikaweka donge la posho dogo kama punje ya maharage. Akala tikiti, akalitema posho kwenye kiatu changu. Nikarudi jikoni, nikasonga posho upya kwa maji ya tikiti badala ya maji ya bomba, likatoka jekundu na tamu kidogo. Katika maisha yangu sijapika chakula cha ajabu kama hicho. Akalinusa, akakunja pua, akala. Siku ya saba alikula madonge kumi na mawili. Darlène alipita akachungulia sufuria, akauliza hiki ni chakula cha kanisa gani.

Mukene ndiyo ilikuwa ngumu. Siku ya nane nilitia dagaa mmoja tu aliyesagwa, na harufu ilipomfikia Sajini akarudi nyuma hatua tatu. Alikuwa anaijua harufu ile na mkono ule, vikiwa pamoja, tangu yule samaki wa pilipili. Nikafikiri la kufanya. Kwetu mwenye nyumba akimkaribisha mgeni, huonja kwanza mbele yake, ili mgeni aone kwamba chakula ni salama. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hata hapa Kampala siwezi kumtengea mtu bila kuonja. Basi nikatia kidole kwenye bakuli la mbwa, nikala. Nikatafuna polepole, nikamfungulia kinywa aone. Mzee Oola alikuwa dirishani na sikumjali. Nilionja mara ya pili. Sajini akasogea hatua moja, kisha nyingine, akanusa mdomo wangu, akala.

Siku ya tisa alimaliza bakuli zima mkononi mwangu, akazunguka ua wote akikojolea kila nguzo. Nilimpigia Wamalwa simu, nikamwambia mbwa yu hai. Sikumwambia zaidi. Kiburi changu kilikuwa bado kimebaki kidogo, na nilitaka kuuona uso wake.

Mzee alifurahi sana. Alitoka akasimama karibu yangu, akatazama mbwa anavyoramba vidole vyangu, akasema neno ambalo aliona ni la kunipongeza. Alisema sasa hata Wamalwa akikaa kwao hakuna taabu. Kampuni nyingine ya ulinzi italeta askari wa kawaida wa lango, na mbwa nitalisha mimi.

Nilirudi jikoni nikakaa juu ya gunia la viazi. Nilikuwa nimemponya mbwa, na kwa mkono huo huo nimemwachisha mtu kazi.

Wamalwa akarudi Jumatatu asubuhi, siku ya kumi na moja. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kipara, na uso umekuwa mdogo. Nilikuwa kwenye ngazi nampa Sajini vipande vyake vya tikiti vya saa nne, vitano, si zaidi. Lango lilipofunguka mbwa aliruka. Alilia, alijikojolea, alimzunguka Wamalwa mpaka akamwangushia begi. Nami nikafurahi kumwona hivyo, naapa. Kisha Sajini akakumbuka kitu. Akarudi mbio kwenye ngazi, akachukua kile kipande kilichokuwa bado kiganjani mwangu.

Wamalwa alisimama. “Umeniharibia mbwa,” akasema.

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote makali. Siku kumi nilikuwa nayanoa. Lakini nilipomtazama, mtu yule alikuwa ameshakaa chini kwenye vumbi, karibu na begi, miguu imenyoshwa kama mtoto. Nikamletea maji. Akayashika bila kuyanywa. Akaanza kusema, si kwangu hasa, bali kwa kile kikombe.

Alisema mama yake alikuwa anauliza kila asubuhi Cleopas amefika wapi. Nakhisa, kumtuliza, akamwambia amefika Malaba, anavuka mpaka. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa mpakani kuna foleni. “Wiki mbili nzima, Mama Whitney,” akasema. “Kwa mama yangu, nilikaa wiki mbili navuka mpaka. Na mimi nilikuwa hapa napikia mbwa.”

Nilimwambia alilokuwa akilijua. Kwamba aliniomba na nikakataa, na kwamba kama ningeacha vitunguu vyangu siku ile, angefika. Nilisema aseme lolote analotaka, nitalipokea.

Akatikisa kile kipara. “Hapana. Pilipili niliweka mimi.”

Nikamweleza habari ya Mzee na kampuni, maana ilibidi ajue. Kisha nikamwambia wazo ambalo lilikuwa limeniuma tangu Jumamosi, na si jambo dogo kwangu kulitamka. Nikamwambia alete kamulali. Tutatia kwenye nyama leo hii, tutatia hata kwenye tikiti, nami nitamnyoshea Sajini. Kufikia kesho atakuwa hali tena kwangu, Mzee ataona mwenyewe, na kazi itabaki kuwa ya Wamalwa. Nilinyosha mkono kabisa, nikaufungua, aone kwamba sisemi mzaha.

Aliutazama mkono wangu kwa muda. Sajini alikuwa ameulaza mdomo juu ya goti lake. Kisha Wamalwa akainuka, akajipangusa suruali, akaenda kugonga mlango wa mbele wa Mzee, mlango ambao kwa miaka sita sikuwahi kumwona akiugonga.

Sikusikia yote waliyozungumza. Nilisikia pole za msiba, nikasikia Wamalwa akisema ana jambo la kumwonyesha. Walitoka pamoja. Wamalwa akaniomba nyama, nyama halisi, bila posho wala tikiti. Nilikuwa na ya mchuzi wa mchana. Nikaikata, nikaiweka kwenye sahani, nikachukua kipande kimoja, nikakionja, nikamnyoshea Sajini kingine.

Sajini alisogea. Pua ilikaribia kugusa vidole vyangu. Kisha akasimama, akageuza kichwa, akamtazama Wamalwa.

Hakula. Alikaa hapo ananitazama, anamtazama bwana wake, ananitazama, na mate yanamdondoka. Ile pilipili ya zamani ilikuwa imesimama pale uani na viatu vyake na kipara chake, na mbwa aliijua. Dakika moja ikapita. Mzee Oola akaanza kutabasamu.

“Unaona?” alisema. “Wamalwa akiwa hapa, hapana kula. Mbwa bado yake.”

Basi kazi ilikuwa imerudi. Wamalwa hakuhitaji kusema neno. Alihitaji kusimama tu vile alivyosimama, macho mbele, kama alivyosimama langoni miaka yote, na Mzee angeingia ndani na kampuni isingepigiwa simu. Mimi nilijua, naye alijua. Nilikaribia kuushusha mkono.

Wamalwa akatutazama wote, akamalizia na mbwa. Kisha akageuka. Akatembea hatua nne mpaka kwenye ukuta wa stoo, akasimama uso kwa ukuta, karibu kabisa, mikono nyuma, mgongo kwetu.

Sajini akautazama ule mgongo. Akangoja kidogo, masikio juu. Akainama, akachukua nyama mkononi mwangu, akala.

Mzee Oola aliacha kutabasamu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ile ya siku ya nne.

“Wamalwa, geuka,” alisema. “Lango bado yako. Desemba wewe nenda kwa kaburi ya mama, siku unataka. Nabwire nalisha mbwa.”

Wamalwa alisikia. Lakini hakugeuka. Alibaki ameelekea ukuta, mabega yanatikisika, nami nikaendelea kumpa Sajini nyama, kipande kimoja kimoja, mpaka sahani ikaisha.